Afande, mkubwa hapa ni nani? Ngazi za polisi wa Kampala na sisi wakimbizi



Katika maswali yote tunayoletewa kuhusu polisi, moja linarudi kila mwezi. Si swali la sheria. Ni hili: "Nilienda kituoni, nikaongea na askari, akaniambia nirudi kesho. Kesho nikamkuta askari mwingine, hajui kitu. Sasa niongee na nani?" Mama mmoja wa mtaani kwetu alirudi kwenye kituo kimoja siku nne kwa ajili ya binti yake aliyepigwa, na siku zote nne aliongea na askari wa getini. Askari wa getini kazi yake ni geti. Hakuna aliyemwelekeza ndani, naye hakujua aulizie nani, akabaki kukaa kwenye benchi la nje mpaka jua linazama.

Swali la pili linatoka kwa watoto wetu, hasa wale waliozaliwa hapa hapa: "Mama, nikimaliza shule naweza kuwa polisi?" Wazazi wengi hujibu ndiyo ili mtoto asome kwa bidii. Wengine hujibu hapana bila kueleza. Tumeona tuyashike maswali haya mawili pamoja, maana anayejua askari anapandaje cheo atajua pia shauri lake linapandaje.

NGAZI YENYEWE

Chini kabisa yuko konstebo. Huyu ndiye unayemkuta barabarani, getini na mezani. Juu yake ni koplo, mwenye alama mbili za V, halafu sajenti mwenye alama tatu. Baada ya hapo tunaingia kwa mainspekta: kwanza inspekta msaidizi, ambaye wenyewe humwita AIP, kisha inspekta kamili, IP. Halafu wanakuja ASP, SP na SSP. Ndugu zetu Watanzania huwaita hawa warakibu, lakini hapa Kampala ukisema mrakibu watakutazama tu, sema herufi. Juu zaidi ni makamishna wa daraja mbalimbali, ACP, CP na SCP, kisha AIGP, kisha naibu wa mkuu, na kileleni ni Inspekta Jenerali, IGP, ofisi yake Naguru.

Hapa tuseme neno kwa Wakongomani. Kwetu neno "commissaire" tumelizoea, hata afisa wa kawaida wa kituo anaweza kuitwa hivyo. Uganda siyo. Kamishna hapa ni mtu mkubwa sana, huwezi kumkuta mezani akiandika malalamiko ya simu iliyoibiwa. Ukifika kituo kidogo ukadai kuonana na kamishna, watacheka, na utakuwa umepoteza asubuhi yako.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba cheo na nafasi ni vitu viwili. Cheo ni kile mtu alichovaa. Nafasi ni kiti alichokalia. Mkuu wa kituo anaitwa OC, na kila mtu pale, hata mfagiaji, anajua OC ni nani. Lakini OC wa kituo kidogo anaweza kuwa inspekta tu, na wa kituo kikubwa akawa mwenye cheo cha juu zaidi. Wewe usihangaike kuhesabu nyota mabegani. Uliza kiti: "Afande, naomba kuonana na OC." Kama shauri liko kwenye upelelezi, uliza OC wa CID. Kama ni la mtoto au la ugomvi wa nyumbani, uliza dawati la ulinzi wa mtoto na familia, ambalo wao huliita CFPU. Yule mama tuliyemtaja, siku ya tano jirani alimpeleka moja kwa moja kwenye dawati hilo. Maelezo yakaandikwa siku hiyo hiyo.

Kuna afisa mwingine ambaye wakimbizi hatumtumii vya kutosha. Ni afisa wa uhusiano na jamii, CLO. Kazi yake ni kukutana na wananchi, kuhudhuria mikutano ya mtaa, kusikiliza malalamiko kabla hayajawa kesi. Jumuiya zetu nyingi zina viongozi ambao hawajawahi kumwalika hata mara moja. Tunaona hapo kosa ni letu zaidi kuliko la polisi.

Juu ya OC kuna mkuu wa polisi wa divisheni au wilaya, DPC. Juu ya DPC kuna mkuu wa kanda, RPC. Kampala na viunga vyake ni eneo moja la kipolisi lenye mkuu wake, na limegawanywa katika kanda tatu, Kaskazini, Kusini na Mashariki. Ndiyo maana shauri lililokwama kwa OC huenda kwa DPC, na lililokwama kwa DPC huenda kwa RPC. Ukiruka ngazi, barua yako itarudishwa chini ianze upya. Na kama tatizo ni askari mwenyewe, amekupiga, amekuomba pesa, ametupa faili, kuna ofisi ya polisi inayochunguza polisi, inaitwa PSU, nayo ipo Bukoto. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo haiko chini ya polisi hata kidogo.

NAMBA NDIYO SHAURI

Kila jambo linaloripotiwa kituoni linaandikwa kwenye kitabu kikubwa cha siku, na linapewa namba. Namba hiyo wanaiita SD. Ni namba ya mstari, ikifuatwa na tarehe, mwezi na mwaka. Kama jambo ni la jinai na linafunguliwa faili, linapata namba nyingine ya CRB, na mpelelezi wa kulishughulikia. Ukitoka kituoni bila SD, tuseme ukweli, hujaripoti, umepiga stori. Andika namba, andika jina la askari aliyekuandikia, andika jina na simu ya mpelelezi. Kesho ukimkuta askari mwingine mezani, huanzi tena kueleza toka mwanzo na machozi juu. Unasema namba tu, na kitabu kinafunguliwa.

Tumesikia watu wakisema, eti namba inauzwa. Haiuzwi. Bondi ya polisi nayo ni bure, imeandikwa mpaka kwenye kuta za vituo. Mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiwa, na kifungu cha 23 cha Katiba ya 1995 kinataka aelezwe sababu za kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu hicho hakisemi raia. Kinasema mtu.

Na hapo kwenye lugha tuna bahati ambayo hatuijui. Kiswahili ni lugha ya zamani ya polisi na jeshi la Uganda, tangu enzi za Waingereza. Amri za gwaride zilikuwa kwa Kiswahili, na neno "afande" halijatoka kinywani mwao mpaka leo. Ndiyo sababu raia wengi wa Buganda walikua wakikiogopa Kiswahili; kwao kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hofu hiyo haikupungua. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Kwa hiyo wewe usiyejua Kiingereza wala Luganda, usinyamaze mezani. Askari aliyekaa kwenye kambi ya Nsambya au Naguru atakuelewa, tena wengine hufurahi, wanakuuliza umetoka Bukavu au Goma. Salimia kwanza. "Afande, shikamoo" siyo kujishusha.

WALIPANDAJE HAWA WAKUBWA?

Kuna milango miwili ya kuingia polisi ya Uganda. Mlango wa kwanza ni wa konstebo, kwa kijana mwenye cheti cha Senior Four. Wa pili ni wa kadeti, kwa mwenye digrii, na huyu akimaliza mafunzo anaanzia kwa mainspekta wasaidizi, yaani amewaruka konstebo, koplo na sajenti kwa siku moja. Ndiyo maana utamwona kijana mdogo anapigiwa saluti na mzee mwenye mvi. Mzee aliingia mlango wa kwanza. Chuo kikubwa cha mafunzo ya mwanzo kipo Kabalye, Masindi. Maafisa wanaoandaliwa kushika nafasi za juu husoma chuo cha ukamanda cha Bwebajja, barabara ya Entebbe.

Kupanda baada ya hapo hakuendi kwa miaka peke yake. Kuna kozi, kuna ripoti ya mkubwa wako, kuna nafasi yenyewe kuwa wazi. Wanawake nao wamefika juu: idara ya upelelezi wa jinai imeongozwa na Elizabeth Kuteesa miaka ya 2000 na Grace Akullo miaka ya 2010. Tunawataja kwa sababu kuna mabinti wanasoma ukurasa huu.

Kiti cha IGP chenyewe hakigombewi. Rais anateua, Bunge linaidhinisha. Polisi hii ilianza kama polisi ya utawala wa Kiingereza mwaka 1906, mkuu wake wa kwanza akiwa ofisa Mwingereza, Edwards. Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho alikuwa Erinayo Oryema, mwaka 1964. Baadaye akawa waziri, na mwezi wa pili mwaka 1977 akauawa wakati wa Amin pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Oboth Ofumbi.

Mwaka 1999 serikali iliunda tume chini ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza rushwa ndani ya polisi, na watu walisikia hadharani mambo ambayo walikuwa wakiyanong'ona tu. Baada ya hapo kiti kikaenda kwa wanajeshi: Jenerali Katumba Wamala kuanzia 2001, halafu Jenerali Kale Kayihura kuanzia 2005 mpaka Machi 2018. Aliyefuata, Martin Okoth Ochola, alikuwa polisi aliyekulia humo humo ndani, na Abas Byakagaba aliyeteuliwa mwaka 2024 naye ni mtu wa polisi, aliyewahi kusimamia mafunzo na mapambano dhidi ya ugaidi.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wakimbizi? Yatuhusu sana. Oktoba 2013 mkimbizi kutoka Rwanda, Luteni Joel Mutabazi, aliyekuwa na hadhi ya ukimbizi hapa Uganda, alikabidhiwa kwa Rwanda, na lawama zikaangukia polisi. Mwaka 2018, baada ya kuondolewa, Jenerali Kayihura alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na kati ya mashtaka lilikuwemo la kusaidia utekaji wa Wanyarwanda waliokimbilia hapa. Alikana. Mwaka 2023 mashtaka hayo yaliondolewa, kesi ikaisha bila mahakama kusema kama ni kweli au si kweli. Familia nyingi za Wanyarwanda Kampala zilikuwa zikilala kwa zamu miaka ile. Tunachotaka muone ni kwamba mkimbizi anapokosa ulinzi, jibu haliko kwa konstebo wa getini peke yake. Amri hushuka ngazi kama vile malalamiko yanavyopanda.

MTOTO WANGU ANAWEZA KUWA POLISI?

Sasa swali la watoto, na tutalijibu bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kifungu cha 211 cha Katiba kinasema askari polisi wa Uganda watakuwa raia wa Uganda wenye tabia njema. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imetupa haki ya kutembea na ya kufanya kazi, na tunaishukuru, lakini haikutupa uraia. Kuzaliwa Mulago au Nsambya hakumfanyi mtoto wa mkimbizi kuwa Mganda. Kifungu cha 12 kimewaacha nje wale ambao mzazi au babu alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi anaweza kuomba uraia kwa njia ya tajnisi kama mgeni aliyekaa miaka mingi, na sheria inataka miaka 20. Mlango upo, ila ni mwembamba, na sisi hatujaona wakipita wengi.

Kwa hiyo akija mtu nyumbani akasema ana nafasi ya polisi kwa mwanao, toa laki kadhaa, mwonyeshe njia. Kwanza nafasi za polisi haziuzwi hata kwa raia. Pili, mwanao akijaza fomu kwa kitambulisho cha kununua, amejitengenezea kesi ya jinai na pengine ameiharibia familia nzima faili la ukimbizi.

Lakini pembeni ya polisi kuna kazi ambazo hazimtaki mtu awe raia, na ambazo kituo hakiwezi kwenda bila hizo. Ya kwanza ni ukalimani. Mahakamani mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo, na mtu anayejua Kiswahili, Kinyamulenge, Kisomali au Kitigrinya pamoja na Kiingereza kizuri ni lulu hapa Kampala. Wapo vijana wetu walioanza kwa kumsindikiza shangazi kituoni, leo wanakalimani kwenye mashirika ya msaada wa sheria. Ya pili ni hiyo sheria yenyewe. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza mwaka 1999 pale Old Kampala, imewaonyesha wengi kwamba mkimbizi anaweza kusaidiwa mbele ya polisi na pia anaweza kusaidia. Ya tatu ni ustawi wa jamii, maana kesi nyingi za dawati la familia huishia kwa mfanyakazi wa ustawi.

Walioko kambini wana ngazi nyingine ya uongozi ambayo ni yetu kabisa: kamati za wakimbizi, RWC, kuanzia kijiji mpaka kambi nzima, zilizofuata mfano wa LC. Huko kuna katibu wa usalama, anachaguliwa na wakimbizi wenzake, na ndiye polisi wanayemtafuta kwanza tatizo likitokea usiku. Huku mjini hatuna kamati za namna hiyo. Tuna jumuiya zetu, na tuna mwenyekiti wa LC1, yule tunayemwita chaimani, ambaye barua yake polisi huiuliza mara nyingi. Kama hujawahi kumsalimia chaimani wako tangu uhamie, nenda wiki hii, usingoje siku ya shida.

NA WALIOKWENDA MAREKANI?

Barua kadhaa zimeuliza kuhusu sherifu. Familia zenye watoto au shemeji walioko Marekani husikia neno hili kwenye simu, "sherifu alikuja", na hawajui kama ni polisi au hakimu. Wasomaji wa Kisenyi na wa pwani wasichanganye na sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume. Hili ni neno la zamani la Kiingereza, maana yake msimamizi wa wilaya.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi zina sherifu wake. Tofauti kubwa na huku ni kwamba sherifu, karibu kila mahali, huchaguliwa kwa kura na wananchi wa kaunti, kama mbunge. Mji mkubwa una polisi wake na mkuu aliyeteuliwa. Sherifu anashika vijiji na sehemu zisizo na polisi wa mji, anaendesha jela ya kaunti, analinda mahakama na kupeleka hati zake. Kwa hiyo akigonga mlango wa dada yako, si lazima awe amekuja kukamata mtu. Inaweza kuwa ni karatasi ya mahakama kuhusu kodi ya nyumba, na karatasi hiyo haitupwi kwenye droo. Jambo lingine la kujua ni kwamba baadhi ya masherifu wamesaini mikataba ya kushirikiana na idara ya uhamiaji ya serikali kuu, na wengine wamekataa. Inategemea kaunti.

Wasaidizi wa sherifu wanaitwa madeputi, nao wana ngazi inayofanana na hii yetu: deputi, sajenti, luteni, kapteni, hadi naibu wa sherifu. Majimbo mengi yanataka deputi awe raia, ingawa California na Illinois zimelegeza sharti hilo miaka hii ya karibuni. Mkimbizi aliyepokelewa kule huomba makazi ya kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kijana aliyefika akiwa na miaka 15 anaweza kuwa raia kabla ya kumaliza chuo. Kwa walio bado hapa wakisubiri, mnajua wenyewe: mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na familia zilizokuwa zimeshauza masufuria zilirudi kununua mengine.

Kijana wa kwetu aliyeko kule na anayetamani kazi hiyo asishangae akianzishwa jela. Kaunti nyingi humweka deputi mpya kwanza kwenye jela, mwaka au zaidi, akihesabu wafungwa, akigawa chakula, akiandika kitabu cha siku, kabla hajapewa gari la doria.

Namba za dharura za polisi hapa Uganda ni 999 na 112, na kupiga ni bure. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza kesi zipi huamuliwa na mahakama ya LC na zipi lazima zipelekwe polisi.